Likizo ya ufukweni Mwanza na watoto wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wazazi na walezi wanaokuja kupumzika kwenye hoteli za ufukweni mwa Ziwa Victoria, Mwanza, kuanzia Capri Point na Luchelele hadi Bwiru, Ilemela na Igombe, wakiwa na watoto wa kunyonya, wa chekechea au wa madarasa ya mwanzo. Mengi yanafaa pia kwa Musoma, Bukoba na Ukerewe.

Watoto wetu wamezoea bahari. Ziwa lina tofauti gani?

Tofauti kubwa haionekani kwa macho: ziwani kuna kichocho, baharini hakuna. Ndiyo maana jibu la swali linalofuata ni refu kuliko mengine yote.

Halafu maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo mwili hauelei kirahisi. Mtoto aliyejifunza kuelea Bagamoyo au Tanga atakaa chini zaidi majini na atachoka mapema. Hakuna kupwa na kujaa. Kinachotawala hapa ni upepo. Asubuhi ziwa hutulia, kuanzia mchana upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi hupanda hadi jioni. Na Mwanza ni mji wa miamba hata chini ya maji: mtoto anaweza kutembea kwenye maji ya magoti, akakanyaga jiwe lenye utelezi, na hatua inayofuata ikawa kina cha mtu mzima.

Likizo nzuri hapa hupangwa hivi: kuogelea ni kwenye bwawa la hoteli, na ziwa ni la kutazama, kuchezea mchanga kando yake na kupanda boti. Familia inayokubali mpango huo tangu nyumbani haigombani na watoto ufukweni.

Je, mtoto anaweza kuogelea ziwani?

Ushauri wetu ni hapana, hata pale unapoona watoto wa jirani wanaogelea kila siku. Wengi wa watoto hao huambukizwa, wakapewa dawa shuleni, kisha wakaambukizwa tena.

Mzunguko wa kichocho unaanza na mtu mwenye ugonjwa anayejisaidia majini au karibu na maji. Mayai yake yakifika majini hutotoa vimelea vinavyoingia kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya ukingoni. Baada ya wiki kadhaa konokono mmoja huanza kutoa maelfu ya vimelea vingine, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Vikikutana nayo hupenya ndani ya dakika chache. Havihitaji kidonda, wala si lazima mtoto anywe maji. Miguu iliyolowa inatosha.

Kwenye mwambao wa ziwa, kichocho kilichozoeleka ni cha tumbo, kinachoshambulia utumbo na ini. Ndani kidogo, kwenye malambo na madimbwi ya Misungwi na Kwimba, kipo zaidi kichocho cha kibofu, kile cha kukojoa damu. Kwa hiyo ukipeleka watoto kijijini kwa babu na bibi, lambo la ng'ombe nalo halifai kuogelea.

Kuna mambo ambayo wazazi huambiwa na hayatoshi kumlinda mtoto. Kuogelea asubuhi: ni kweli vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, lakini vilivyotoka jana vinaweza kuishi hadi saa 48, hivyo asubuhi inapunguza hatari bila kuiondoa. Ufuko wa mchanga mweupe usio na majani: una konokono wachache, ila mawimbi huleta vimelea kutoka kwenye majani ya jirani. Kujifuta kwa taulo haraka: fanya ikiwa mtoto amerushiwa maji kwa bahati mbaya, lakini usiifanye kuwa kinga ya kutegemea. Na hakuna dawa ya kumeza kabla ili usiambukizwe.

Mchanga mkavu hauna kichocho. Wajengee watoto shimo la kuchezea hatua kadhaa kutoka ukingoni, na maji ya kumwagia mchanga yachotwe bombani au bwawani, si ziwani.

Ameshaingia majini. Nifanye nini sasa?

Mtoe, mfute vizuri, mwogeshe kwa maji ya bomba. Usikimbilie duka la dawa siku hiyohiyo. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa; ikimezwa siku chache baada ya maambukizi haiui wachanga, na mzazi anabaki akidhani kazi imekwisha.

Andika tarehe. Baada ya wiki 6 hadi 8 mpeleke mtoto kituo cha afya, mweleze mtaalamu kwamba alioga Ziwa Victoria, naye atapima choo na mkojo. Maelezo hayo ni muhimu hasa kama mnaishi mbali na Kanda ya Ziwa, kwa sababu mtaalamu ambaye haoni kichocho mara kwa mara anaweza asikifikirie. Dozi hupangwa kwa uzito, kwa hiyo mtoto apimwe kilo kwanza.

Usisubiri wiki hizo zikiwa kuna dalili. Muwasho na vipele vya siku ya kwanza kwa kawaida hupita vyenyewe. Lakini homa, kikohozi, vipele na uchovu vinavyokuja kati ya wiki ya 2 na ya 8 vinahitaji daktari, kuanzia na kipimo cha malaria.

Nitachaguaje hoteli?

Kwa simu, kabla ya kulipa chochote. Picha za mtandaoni hazijibu maswali ya mzazi. Uliza:

- Bwawa la watoto limetenganishwa na la wakubwa, au ni bwawa moja lenye ncha ya kina kifupi? Kuna uzio na geti linalojifunga?
- Kuna mwokoaji? Siku zote au wikiendi tu?
- Maji ya kuoga chumbani yanatoka wapi? Kama hoteli inavuta ziwani, yanatibiwa kwa klorini, au yanakaa kwenye simtanki angalau saa 48 bila kuongezwa mengine? Vimelea vya kichocho hufa kwa kukaa huko. Tanki linalojazwa kila asubuhi huku linatumika haliwapi muda huo.
- Kutoka mlango wa chumba hadi maji ni hatua ngapi, na katikati kuna nini? Nyumba ndogo zilizojengwa juu ya miamba zina mandhari ya kuvutia sana, na ni mahali pabaya kwa mtoto anayeanza kutembea.
- Vyandarua vipo, na vinatosha kitanda cha ziada? Mara nyingi kitanda cha watu wazima kina chandarua na godoro la mtoto halina.
- Umeme ukikatika, jenereta huwaka usiku kucha?

Mhudumu anayejibu haya kwa utulivu na kukutumia video fupi aliyoipiga siku hiyo ameshakueleza mengi kuhusu hoteli yake.

Kwa nini ufuko tulioukuta ni mdogo kuliko kwenye picha?

Maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa miaka, si kwa saa. Mwaka 2020, kisha tena 2024, yalifika viwango vya juu sana. Fukwe nyingi zilimezwa, miti na vibanda vikasimama majini. Picha ya kabla ya hapo inaweza kuonyesha mchanga ambao haupo tena. Omba ya wiki hii.

Maji yamekuwa ya kijani, au ghuba imejaa majani. Kuna tatizo?

Ndiyo, na ni matatizo mawili tofauti. Magugu maji husukumwa na upepo. Ghuba iliyokuwa safi jioni inaweza kuamka imefunikwa. Chini yake hujificha konokono, nyoka na wakati mwingine mamba. Watoto wasiyavute wala kuyakanyaga ukingoni.

Utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika ni vijimea vidogo vinavyoongezeka maji yakitulia na kupata joto, na baadhi vina sumu. Mtoto asiguse, mbwa wasinywe. Akigusa, mwoshe kwa sabuni.

Bwawa la hoteli ni salama?

Likitunzwa, ndiyo: klorini huua vimelea vya kichocho. Angalia mwenyewe kabla ya watoto kuvua nguo. Simama ukingoni utazame chujio la chini kabisa, upande wa kina kirefu. Ukiliona wazi, maji yana uangavu wa kutosha; likiwa limefifia, msiingie, kwa sababu hata mtoto aliyezama hataonekana. Harufu kali ya klorini inayochoma macho haimaanishi bwawa ni safi sana. Inatokea klorini ikichanganyika na jasho na mkojo, maana yake dawa imezidiwa. Mwulize mhudumu wa bwawa kipimo cha leo: klorini iwe kati ya 1 na 3, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Anayepima kweli atakuwa na daftari.

Jumapili mchana na sikukuu ndipo mabwawa ya Mwanza yanapozidiwa. Ogeleeni asubuhi, saa 2 hadi saa 4, kabla wageni wa kutwa hawajafika.

Pampasi ya kawaida huvimba na kupasuka majini. Nunua za kuogelea kabla ya kusafiri, na ujue kwamba hazizuii choo cha majimaji. Mtoto anayeharisha asiingie kabisa.

Hakikisha pia kifuniko cha chujio la chini kipo na hakijavunjika. Kikikosekana, nguvu ya pampu inaweza kushika nywele au mkono wa mtoto.

Maboya ya mikononi yanatosha?

Hayatoshi. Yale ya kupuliza hutoboka na huchomoka mkononi, na boya la duara la kiunoni linaweza kumpindua mtoto kichwa chini. Ni vitu vya kuchezea.

Kinachofaa ni jaketi la kujiokolea lenye uzito wa mtoto umeandikwa ndani, na kwa wadogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Lijaribu nchi kavu: mvishe, funga mikanda yote, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni ni kubwa. Hoteli na boti nyingi zina ya watu wazima tu, kwa hiyo familia yenye mtoto wa chini ya kilo 20 inafanya vizuri kuja na lake.

Hata akiwa na jaketi, mtu mzima awe majini, umbali wa mkono. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo uko kwenye usawa wa maji, hawezi kuita, na yote huisha ndani ya dakika moja. Ajali nyingi hutokea watu wazima wakiwa wengi, kila mmoja akiamini mwenzake anatazama. Gawaneni zamu za dakika 20, kwa jina: "Sasa ni zamu ya baba." Mwenye zamu hana simu wala bia. Dada wa kazi asiyejua kuogelea asipewe zamu ya bwawa peke yake. Ni hatari kwake pia.

Mtoto ametolewa majini hapumui. Nifanye nini kabla msaada haujafika?

Somo hili lisomwe nyumbani, si siku ya ajali. Mmoja apige 114 (Zimamoto na Uokoaji) au 112 na kutafuta gari, mwingine aanze mara moja:

1. Mlaze chali mahali pagumu. Usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Unapoteza muda na unaweza kuleta matapishi kwenye mapafu.
2. Inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 hadi uone kifua kinapanda. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, funika mdomo na pua kwa pamoja.
3. Hajaanza kupumua? Bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha theluthi moja ya kifua chake, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2. Endelea, 30 kwa 2, bila kusimama.

Mtoto aliyezinduka apelekwe hospitali hata akionekana mzima, kwa sababu mapafu yanaweza kubadilika saa chache baadaye. Mjini kuna Bugando, ambayo ni hospitali ya kanda, na Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa. Siku ya kufika, uliza mapokezi gari la dharura la hoteli ni lipi na dereva wa usiku analala wapi.

Kuna mamba na viboko?

Wapo ziwani, ingawa si kila ufuko. Wenyeji wa mwalo wa karibu ndio wanaojua. Waulize wavuvi, si wahudumu wa mapokezi tu. Kiboko hutoka usiku kula majani nchi kavu na hurudi alfajiri kwa njia yake ileile, naye akikuta mtu kati yake na maji hushambulia. Hivyo hakuna matembezi ya ukingoni kabla ya kupambazuka wala baada ya giza.

Tuje miezi gani?

Juni hadi Agosti ni kiangazi na inakutana na likizo ya shule. Mvua ni haba, usiku kuna ubaridi wa kutosha sweta, na upepo wa mchana huwa mkali ziwani. Desemba ni kijani na kuzuri, ila mvua za vuli huenda hazijakatika. Machi hadi Mei ni masika: bei hushuka na matope hupanda.

Radi za Ziwa Victoria ni nyingi na za kuheshimu. Mara nyingi mvua huumbika juu ya ziwa usiku na kufika Mwanza alfajiri au asubuhi. Ukisikia ngurumo, wote watoke majini na waondoke chini ya miti na miavuli ya ufukweni. Msirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Jua la hapa linaunguza kweli, na upepo ni baridi hivi?

Ndilo linalowadanganya wageni. Mwanza iko kama nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi ni mikali kuliko Pwani huku hewa ikiwa ya kupendeza. Tena jua la Mwanza liko nyuma ya la Dar es Salaam kwa kama dakika 25: utosini linafika karibu saa 7 mchana. Saa za kukaa kivulini ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Panga usingizi wa mchana humo.

Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea inalinda kuliko losheni, na haihitaji kupakwa upya. Losheni iwe SPF 30 au zaidi, ipakwe kila baada ya saa 2 na kila mtoto anapotoka majini. Wa chini ya miezi 6 akae kivulini. Ngozi nyeusi nayo huungua. Dalili ni mtoto kulalamika akiguswa mabega jioni.

Kwa mtoto mwenye ualbino, fukwe hizi zinawezekana kwa kubadilisha saa tu: bwawani kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 11 jioni, kofia ya ukingo mpana inayofunika masikio na shingo, nguo ndefu zilizofumwa kwa kubana, miwani ya jua, na losheni kwenye midomo, masikio na juu ya miguu. Omba meza yenye paa la makuti, kwa kuwa chini ya mwavuli mionzi hurudi kutoka kwenye mchanga na maji.

Mbu, na wale wadudu wanaotokea kama moshi juu ya ziwa?

Wingu hilo ni la vijidudu vya ziwani ambavyo haviumi. Huibuka kwa mamilioni, upepo ukawaleta, na hufuata taa. Zima taa za nje, funga madirisha, mfunike mtoto pua na mdomo kwa kitambaa mpite. Asubuhi hufagiwa.

Mbu ndio wa kuogopa, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi. Watoto wanaotoka Arusha, Kilimanjaro au nje ya nchi hawana mazoea nayo mwilini na huugua upesi. Wanaotoka nje ya nchi waonane na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari. Wote: chandarua chenye dawa, kilichochomekwa chini ya godoro kabla ya jua kuzama, nguo ndefu jioni, dawa ya kupaka yenye DEET asilimia 20 hadi 30, si kwa mtoto wa chini ya miezi 2, wala kwenye viganja ambavyo vitaishia mdomoni. Losheni ya jua hutangulia, ya mbu hufuata.

Homa yoyote mkiwa huku, au wiki kadhaa baada ya kurudi, ipimwe siku hiyohiyo.

Safari ya boti na watoto: inafaa?

Inafaa, na kwa watoto wengi ndiyo siku wanayoisimulia. Nendeni saa 2 au 3 asubuhi ziwa likiwa tulivu, na mwe nchi kavu kabla ya saa 6 mchana. Kabla ya kupanda, hesabu majaketi na hesabu abiria, kisha vaeni mkiwa bado gatini. Boti iliyojaa, iacheni iende. Ajali ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996 na ya MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018 zote zilihusu vyombo vilivyozidisha watu, na Mwanza bado ina familia zilizopoteza wapendwa humo. Nahodha anayekasirika ukiuliza majaketi hastahili watoto wako.

Mtumbwi wa mvuvi wa kukodi kwa mapatano ufukweni usipande na mtoto.

Zaidi ya ufuko, tuwapeleke wapi?

Kisiwa cha Saanane kinatosha nusu siku. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo, ya kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na boti ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hutokea Capri Point kwa mwendo wa dakika chache. Watoto huona pimbi, swala pala, mijusi ya rangi na ndege wengi. Malipo si ya fedha taslimu: unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu au benki. Chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio. Wa 5 hadi 15 wana bei yao, beba cheti cha kuzaliwa. Pimbi wasilishwe, huuma. Miamba huko huwa moto mchana, viatu vya kufunga ni lazima.

Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, ni makumbusho ya Wasukuma. Ngoma za watemi na michezo ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu huwashika hata wa miaka minne, mradi mtoa maelezo awaruhusu kupiga ngoma moja. Jiwe la Bismarck ni la kupiga picha tu, dakika kumi. Karibu nalo kuna kivuko cha Kamanga. Kuvuka na kurudi ni matembezi ya bei nafuu kwa mtoto anayependa meli. Kwa wapenda magari kuna daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa 2025.

Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo iacheni hadi watoto wakue. Safari ni ndefu na matembezi ya msituni hayawafai wadogo.

Watakula nini?

Samaki, bila shaka, lakini chagueni kwa miiba. Sato ni mtamu na ana miiba midogo mingi. Mtoto wa chini ya miaka mitano apewe minofu ya sangara, nawe uipapase kwa vidole kwanza. Mwiba ukikwama, usimpe tonge la ugali alimeze, kama wengi wanavyoshauri: linausukuma ndani zaidi. Mtulize na umpeleke kwa daktari.

Agizeni mapema. Samaki wa kuchoma huchukua saa moja na zaidi, na mtoto mwenye njaa hasubiri. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kwa njia ya Kisukuma, ni vitafunio vizuri vya begini kwa wenye meno, wadogo walowekewe. Karanga na bisi si za wa chini ya miaka mitano, hupalia. Kachumbari na barafu vipitwe kama hujui maji yake.

Akianza kuharisha?

Chumvichumvi ya ORS mapema, kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko kama anatapika. Soma pakiti, kwa kuwa nyingine ni za lita 1 na nyingine za nusu lita; ikikorogwa nzito humdhuru mtoto. Ongeza vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kwa wa miezi 6 na zaidi, 10 kwa wadogo zaidi, siku 10 hadi 14, hata akipona. Anayenyonya aendelee kunyonya. Damu kwenye choo, macho yaliyobonyea, kutokojoa kwa saa 6 au choo kama maji ya mchele ni safari ya hospitali, usiku au mchana.

Begini tuweke nini ambacho hakipatikani kirahisi ufukweni?

Jaketi la mtoto, pampasi za kuogelea, fulana za jua, kipimajoto, ORS na zinki, dawa ya homa ya kiwango cha uzito wake, chandarua cha ziada na kamba ya kukitundika, tochi. Na viatu vya kufunga vya kutembelea mchangani: karibu na mialo kuna ndoano, vigae vya chupa na nyavu zilizotupwa, na mchanga ulioingiwa na haja za watu na wanyama huleta minyoo ya safura kupitia nyayo.

Tusafiri kwa basi au ndege?

Kutoka Dar es Salaam ndege ni saa moja na nusu hivi, na uwanja uko Ilemela, jirani na hoteli kadhaa za ufukweni. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Na watoto wadogo, ikateni. Treni ya SGR inafika Dodoma tangu 2024, mlale hapo, kisha karibu kilomita 700 zilizobaki mchana. Cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi.

Usiku mzima kulikuwa na muziki. Hoteli zote ziko hivyo?

Fukwe nyingi za Mwanza ni kumbi za burudani kuanzia Ijumaa jioni. Njooni Jumapili jioni, mwondoke Ijumaa asubuhi: bei hushuka, bwawa ni lenu, watoto wanalala. Ikibidi wikiendi, omba chumba upande usio na jukwaa na uulize muziki huzimwa saa ngapi.

Siku ngapi zinatosha?

Nne. Ya kwanza ya uchovu wa safari, mbili za bwawa na mchanga, moja ya Saanane. Mkiongeza Bujora au kivuko, tano. Kwa wa chini ya miaka mitatu, kila siku tukio moja tu, la asubuhi. Wengi wakipewa mawili, la pili huliliwa njia nzima.